Je, yafaa kupita mlango wa ndugu maskini?

Kila mwaka mwezi wa saba unapofika, shule zinafungwa, mvua imekwisha tangu zamani, na njia zetu zimekauka. Ndipo familia nyingi zinafunga safari. Baba aliye na motokari anampakia mke wake na watoto. Asiye nayo anatafuta nafasi katika basi. Wanakwenda kuwaona wazee, kumpokea mtoto aliyezaliwa, kutoa pole kwa msiba ambao hawakuweza kuufikia, au kusalimia tu. Desturi hiyo ni njema. Lakini ndani yake mna swali moja la haki na mapendo, nalo watu hulijibu upesi mno. Swali ni hili: msafiri aliyejaliwa mali, akipita karibu na nyumba ya ndugu yake maskini, afanye nini? Aingie na kumletea gharama, au apite ili amwache kwa amani?

Wako wanaosema: "Kupita ni huruma." Wako wanaosema: "Kupita ni dharau." Wote wana sababu zao. Tuzipime polepole, maana jambo linaloonekana dogo njiani laweza kutenga ukoo kwa miaka mingi.

Njia na watu wake

Ili tusiseme maneno ya hewani, tutwae njia moja tunayoijua, ile itokayo Lubumbashi kwenda Likasi na Kolwezi. Kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni karibu kilometa 120, na kutoka Likasi hadi Kolwezi ni karibu 180. Magari makubwa ya migodi yamejaa njiani, na kwenye peaje kila mtu anangoja zamu yake ya kulipa. Hata hivyo motokari nzuri hufika kwa siku moja. Mtu asiye na ndugu njiani angepita tu. Lakini nani katika Katanga hana ndugu kwenye njia hiyo?

Tukumbuke jinsi watu walivyofika huko. Kampani ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na reli kutoka kusini ilifika Lubumbashi mwaka 1910, mji ulipokuwa bado ukiitwa Élisabethville. Migodi ilihitaji mikono mingi. Watu waliletwa kutoka Kasai, kutoka Maniema, kutoka Rwanda na Burundi, na kutoka nchi ambayo leo inaitwa Zambia. Mwanzoni walikuja wanaume peke yao. Lakini tangu miaka ya 1920 kampani ilitaka wakae na wake zao na watoto wao. Basi makambi yakajengwa, posho ikagawiwa, shule na hospitali zikafunguliwa. Mfanyakazi akihamishwa kutoka mgodi mmoja kwenda mwingine, alihama na jamaa yake yote. Ndivyo mtoto wa kwanza alivyozaliwa Lubumbashi, wa pili Likasi, wa tatu Kolwezi. Ukoo ukatandazwa kando ya reli na kando ya njia.

Wakati ule tofauti kati ya ndugu hazikuwa kubwa sana. Nyumba za kambi zilifanana, posho ilijulikana. Mwaka 1967 Serikali ilitwaa mali za Union Minière katika nchi yetu, na kampani mpya ikaja kuitwa Gécamines. Katika miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kisha yakaja maanguko. Mwezi wa tisa mwaka 1990 mgodi wa Kamoto karibu na Kolwezi uliporomoka, na mwaka 1994 shaba yote ya mwaka haikufika tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika kazi kwa mpango ulioitwa "kuondoka kwa hiari", wakapewa pesa ambayo kwa wengi haikudumu. Baadaye kampani nyingine zikaja na kazi mpya, lakini hazikuwachukua watu wote.

Matunda yake tunayaona leo. Ndugu wanne waliozaliwa katika nyumba moja ya kambi wanaishi maisha manne. Mmoja ana motokari na mshahara, mwingine anauza makala kando ya njia. Basi safari ya familia inapita juu ya tofauti hizo zote, mlango baada ya mlango.

Baba na nyumba tatu

Tuchukue mfano. Baba fulani wa Lubumbashi anakwenda Kolwezi kumwona mama mkwe wake. Yumo na mkewe na watoto wanne. Njiani ana nyumba tatu. Ya kwanza iko upande wa Kapolowe, ambako wanawake huuza samaki wa ziwa la Tshangalele. Hapo anakaa shangazi yake, mjane, anayelima mihogo na kuuza samaki kidogo. Ya pili iko Likasi, katika kambi ya zamani. Ni nyumba ya baba yake mdogo, aliyeacha kazi mwaka 2003. Mzee huyu ndiye aliyemlipia masomo ya sekondari baba yake alipokufa. Ya tatu iko Likasi vilevile. Ni ya rafiki aliyesoma naye, mtu wa kazi nzuri, mwenye vitanda vya wageni na maji ya bomba.

Baba huyo amekwisha kupanga. Watalala kwa rafiki. Shangazi na baba mdogo atawapigia telefoni akiisha kufika Kolwezi, na kuwatumia pesa kidogo kwa njia ya telefoni hiyo. Mkewe anamwuliza: "Baba watoto, tutapita bila kumsalimu mzee?" Naye anajibu: "Mama, tukiingia watu sita, mzee atakwenda kukopa. Nisimsumbue."

Je, amejibu vema?

Sababu za anayepita

Tumtendee haki baba huyu. Maneno yake si upuzi. Kwetu mgeni hapewi maji tu. Mwenyeji huona haya mgeni akiondoka bila kula. Asipokuwa na kuku, humtuma mtoto kwa jirani; asipokuwa na unga, mama wa nyumba hupita nyuma ya ua kuazima. Motokari ikiisha kuondoka, vumbi hutulia upesi, lakini deni la kuku hubaki. Tena mwezi wa saba ni mwezi mgumu. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2019 Serikali imetangaza masomo ya bure katika shule zake za msingi. Lakini sekondari wazazi bado wanalipa, nao huanza kukusanya pesa hiyo kabla ya mwezi wa tisa. Mgeni anayeingia wakati huo aweza kula pesa ya masomo ya mtoto wa nyumba, wala asijue.

Maandiko Matakatifu nayo yanaonya juu ya jambo hili. Kitabu cha Methali kinatushauri tusizidishe kukanyaga nyumba ya jirani, asije akatuchoka. Wakubwa wetu nao walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walimpenda mgeni, lakini walijua kwamba ghala lina mwisho.

Tena yuko atakayesema: "Pesa ile inayotumwa itamfaa mzee kuliko kutuona nyuso zetu. Nyuso haziliwi." Neno hili nalo lina uzito kwa mtu aliyelala na njaa.

Basi mtu asifikiri kwamba kila anayepita ana moyo mbaya. Wako wanaopita kwa uchungu, na machozi machoni.

Tutenganishe yaliyochanganyika

Katika seminari tulifundishwa kwamba kabla ya kulijibu swali lazima kutenganisha mambo yaliyochanganyika ndani yake. Hapa yamechanganyika mawili: kumwepusha ndugu na mzigo, na kumwepuka ndugu mwenyewe. Kwa nje yanafanana kabisa, maana katika yote mawili motokari haisimami. Tutayatambuaje? Nafikiri yako maswali matatu ambayo msafiri aweza kujiuliza.

La kwanza: je, ninawahurumia wote, au maskini tu? Watu sita wanaokula kwa rafiki wa Likasi wanakula vilevile. Shuka zao zinafuliwa na mtu, maji yao yanachotwa na mtu. Kama baba yule hakufikiri hata kidogo juu ya gharama za rafiki, mbona alifikiri sana juu ya gharama za mzee? Atasema: "Rafiki anaweza." Vema. Lakini basi aseme wazi kwamba alichagua kitanda kizuri, asiliite jambo hilo huruma.

La pili: je, nimemwuliza mwenyewe? Huruma ya kweli humsikiliza anayehurumiwa. Baba yule aliamua peke yake, katika nyumba yake ya Lubumbashi, kwamba mzee hawezi. Labda mzee ana gunia la mahindi. Labda watoto wake wamemletea samaki. Labda hana kitu, lakini ana neno la kusema kabla hajafa. Kumhukumu mtu kwamba hawezi, bila kumwuliza, ni kumtoa katika hesabu ya watu.

La tatu: je, ningependa ajue kwamba nimepita? Hili ndilo kubwa. Tendo la huruma halihitaji kufichwa kwa yule anayetendewa. Ukimtunzia mtu jambo jema, waweza kumwambia. Lakini baba yule atawaambia watoto: "Mkiulizwa, semeni tulipita usiku." Akiisha kusema hivyo, amejihukumu mwenyewe.

Na mzee atajua tu. Likasi si mji usio na macho. Mtu mmoja atasema: "Nilimwona mtoto wako kwa fulani, motokari ililala pale." Mzee hatahesabu unga uliobaki. Atahesabu miaka ya masomo aliyolipa. Wala hataomba alipwe. Atauliza tu moyoni kama bado ni baba.

Haki ya maskini ya kutoa

Hapa tunafika kwenye kiini. Watu wengi wanajua kwamba maskini ana haki ya kupewa. Wachache wanakumbuka kwamba ana haki ya kutoa pia. Mtu ambaye daima anapokea, wala hapewi nafasi ya kutoa, anakuwa mdogo machoni pake mwenyewe. Siku mgeni anapoketi kwake, hata kwenye kiti kibovu, siku hiyo yeye ni mwenyeji: ndiye anayekaribisha, ndiye anayetangulia kunawa na kusali, ndiye anayesema "kuleni". Pesa ya telefoni, hata ikiwa nyingi, haiwezi kumpa heshima hiyo. Inamfanya aseme "asante" tu.

Fikirini habari ya nabii Eliya wakati wa njaa kuu. Mungu hakumtuma kwa tajiri. Alimtuma Sarepta kwa mjane aliyebaki na konzi ya unga na mafuta kidogo katika chupa. Nabii akamwomba maji, kisha mkate. Mtu wa leo angesema nabii yule hana haya. Mimi sisemi kwamba kila mgeni ni nabii na kwamba unga utaongezeka kila mara. Kufikiri hivyo ni kumjaribu Mungu. Nasema tu kwamba mwanamke yule, katika umaskini wake wote, alihesabiwa kuwa mtu awezaye kutoa.

Tena Bikira Maria aliposikia habari za Elisabeti, alifunga safari mwenyewe mpaka nchi ya milima, akakaa kwake karibu miezi mitatu. Angeweza kutuma salamu na mtu. Alijipeleka.

Mwanafalsafa Aristotele, aliyeishi zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristu, alifundisha kwamba urafiki ni wa namna tatu. Uko urafiki wa faida, uko urafiki wa starehe, na uko urafiki wa watu wema, ambao kila mmoja anampenda mwenzake kwa ajili ya mwenzake. Zile namna mbili za kwanza, alisema, zinavunjika faida au starehe ikiisha. Tukiipima safari ya baba yule kwa mafundisho haya tunaona jambo la kutisha kidogo. Hata udugu wa damu waweza kugeuka udugu wa faida. Zamani, mzee alipokuwa na posho na mshahara, mlango wake ulijulikana na wote. Sasa posho imekwisha, na njia ya mlango wake imeota majani.

Mtakatifu Benedikto naye, katika Kanuni aliyowaandikia wamonaki wake katika karne ya 6, aliweka sura nzima juu ya wageni, sura ya 53. Aliagiza kwamba maskini na wasafiri wapokewe kwa uangalifu kuliko wote; maana matajiri, alieleza, wanapata heshima tayari kwa sababu watu wanawaogopa. Wamonaki Wabenedikto walifika Katanga tangu mwaka 1910, na kanuni hiyo waliileta. Benedikto alikuwa akisema na wenyeji. Lakini neno lake lawafaa wasafiri pia: nyumba ya tajiri itapata wageni hata bila wewe, nyumba ya maskini yaweza kungoja mwaka mzima.

Na Bwana wetu alipowatuma wafuasi wake 72, aliwaagiza wale wanachopewa, wala wasihame kutoka nyumba hii kwenda nyumba ile. Anayehama nyumba ya kwanza kwa sababu ameona nyingine ina chakula bora, anamwambia mwenyeji wa kwanza bila maneno: "Hukunitosha."

Basi jibu langu ni hili: kwa kawaida haifai kumpita ndugu mlangoni kwa sababu ya umaskini wake. Lakini jibu hili halijamalizika, maana kuingia vibaya kwaweza kudhuru kuliko kupita.

Mambo yanayompasa mwenyeji

Nianze kwa mwenyeji, kwa kuwa sisi Wakristu wa makambi na wa vijiji tunapenda kumwonya msafiri na kujisahau.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba ukarimu ni fadhila iliyo katikati ya makosa mawili. Upande mmoja uko uchoyo, unaoshika yale yanayopaswa kutolewa. Upande wa pili uko upotevu wa mali, unaotoa yale yanayopaswa kushikwa. Kwetu watu wanamcheka mchoyo, lakini mpotevu wanamsifu. Si sawa. Pesa ya masomo ya mtoto ni deni la haki. Mzazi ana wajibu juu yake. Chakula cha mgeni ni tendo la mapendo. Anayechukua cha haki ili atende mapendo, anamnyang'anya mmoja ili amfurahishe mwingine.

Tena tuulize: anayekopa ili mgeni ale kuku, anampenda mgeni, au anaogopa midomo ya watu? Mara nyingi tunaogopa kusikia: "Tulifika kwake, tukala majani." Lakini bukari na sombe si aibu. Mwenyeji na aseme kwa moyo mweupe: "Wanangu, tumefurahi kuwaona. Leo tuna hiki, tule pamoja." Mgeni akicheka chakula hicho, aibu ni yake.

Neno moja zaidi kwa akina baba. Mgeni anapoingia, baba anaketi naye na kuzungumza. Anayekwenda kuazima unga ni mama. Anayechota maji ni binti. Ni vyepesi kuwa mkarimu kwa miguu ya watu wengine. Kabla ya kusema "mtalala hapa", baba na ainuke aende jikoni, amwulize mke wake kwa sauti ya chini kuna nini. Nyumba ambamo mume hukaribisha na mke hulia, ukarimu wake una kasoro.

Mambo yanayompasa msafiri

Sasa turudi kwa msafiri. Kama yampasa kuingia, aingieje ili mzigo uwe mwepesi?

Kwanza, habari. Wengine hutangaza ujio wao wiki mbili mbele. Maskini anakuwa na wiki mbili za kuhangaika. Wengine huingia ghafula, na mama wa nyumba anakutwa na nguo ya shamba. Njia ya katikati ni kupeleka habari karibu na siku yenyewe, na kutaja mambo matatu: tutafika saa fulani, sisi watu sita, na hatutalala. Mwenyeji akijua kwamba wageni wanakuja kusalimia na kuendelea, moyo wake unatulia.

Pili, wakati. Kusimama mlangoni na moteri ikinguruma si kutembelea. Zimeni motokari. Ketini. Mwulizeni mzee juu ya mguu wake, juu ya mtoto aliyekwenda mbali, juu ya makaburi ya watu wenu. Saa moja ya kuketi hivyo yatosha kuliko siku mbili za kulala na kulishwa.

Tatu, chakula. Wako wasafiri wanaobeba chakula chao, wakifika wanafungua vyombo vyao mbele ya mwenyeji na kula. Wanadhani wamemsaidia; wamemwambia kwamba sufuria yake haifai. Afadhali wapeleke mfuko wa unga, mafuta, sukari na sabuni, mama ampe mama mwenzake jikoni, bila kelele. Kisha wale pamoja kile kitakachopikwa, hata kama ni karanga za kuchemsha. Na kama kuna pesa ya kumsaidia mzee, itolewe faraghani, kwa mikono miwili. Asipewe mbele ya watoto wake kama mtu anayelipwa ujira.

Nne, zawadi ya kuagana. Hapa pana mtihani mgumu kuliko yote. Shangazi mjane wa Kapolowe ana kuku mmoja tu anayetaga. Motokari inapotaka kuondoka, anamkamata, anamfunga miguu, anamweka mikononi mwa mtoto wa mgeni. Umpokee? Ukimkataa, umemfukuza shangazi katika furaha yake. Ukimpokea, umebeba mayai ya mwezi mzima. Nafikiri msafiri mwenye akili ataupokea moyo na kuiacha mali. Amshike kuku, ashukuru sana, kisha aseme: "Shangazi, huyu sasa ni kuku wangu. Nakuomba unitunzie. Atakapoangua, nitakuja kuchukua kifaranga kimoja." Hivyo shangazi ametoa, mgeni amepokea, mayai yamebaki, na tena pana ahadi ya kurudi. Lakini ahadi hiyo aitimize. Asirudi mwaka ule wala unaofuata, maneno yake matamu yatageuka uwongo.

Ndugu ni wengi, siku ni chache

Mtu atasema: "Mwalimu, wewe hujui ukoo wangu. Njiani nina nyumba 20. Nikiketi saa moja katika kila moja, sitafika Kolwezi." Ni kweli. Mapendo nayo yana utaratibu. Hakuna anayedaiwa kufanya lisilowezekana. Wengine watasalimiwa wakati wa kwenda, wengine wakati wa kurudi, wengine safari ya mwakani. Kupita kwa sababu siku ni chache si kosa, na aliyepitwa hivyo aweza kuambiwa wazi kwa telefoni: "Baba mdogo, mara hii tumepita, mtoto ni mgonjwa, tutakuja wakati wa kurudi." Neno la namna hiyo halivunji kitu.

Lakini kama ni lazima kuchagua, kipimo kiwe nini? Wengi wanachagua penye kitanda kizuri. Mimi ningesema: atangulie mzee aliye karibu na kaburi, afuate mgonjwa, afuate aliyefiwa ambaye hatukumlilia pamoja, afuate yule ambaye hatujamwona siku nyingi, na yule aliyetulea wakati hatukuwa na kitu asisahauliwe kamwe. Hao wakiisha kupata saa zao, hakuna ubaya kwenda kulala kwa rafiki mwenye vitanda. Urafiki naye ni zawadi ya Mungu. Hakuna aliyeambiwa awakimbie matajiri. Tumeambiwa tusiwakimbie maskini kwa sababu yao.

Watoto wanaotazama

Nimalize kwa wale walioketi nyuma katika motokari. Katika safari wazazi huwaonyesha watoto mengi: mto Lufira, milima ya Fungurume, mashimo makubwa ya migodi. Lakini watoto wanasoma pia kitu ambacho hakuna aliyewaonyesha. Wanaona motokari inasimama wapi, na wapi inaongeza mwendo. Wanaona baba anavua kofia mbele ya nani. Wanasikia maneno anayosema juu ya mwenyeji baada ya kufunga mlango wa motokari. Hakuna katekismo inayofundisha upesi kama hiyo.

Mtoto aliyeketi kwenye mkeka wa babu yake katika kambi ya zamani, akala bukari yake, akasikia jinsi babu alivyomlipia baba masomo, anajua kwamba mali ya nyumba yao haikuanzia kwa baba. Mtoto aliyepitishwa mbio mbele ya mlango huo hajui. Atakua akifikiri kwamba ukoo ni wale wenye bomba la maji. Na siku moja wazazi wake watazeeka, mshahara utakwisha kama posho ilivyokwisha, nao watakaa mlangoni wakisikiliza motokari zinazotoka Lubumbashi. Atakuwa na telefoni, na atatuma pesa kidogo, akisema: "Sitaki kuwasumbua wazee."

Basi, wazazi, mnapofunga mizigo mwezi huu wa saba, kabla ya kuhesabu mafuta ya motokari na pesa ya peaje, hesabuni milango. Mwulizaneni mume na mke ni nani ambaye angefurahi sana tukiingia, na ambaye hatathubutu kutuita. Kwake pelekeni sabuni na unga, zimeni moteri, keti­ni naye saa moja, mle alicho nacho. Na ninyi mnaongoja wageni, msikope kuku. Fagieni ua, tandikeni mkeka, mkawapokee kwa kile ambacho Mungu amewapa siku hiyo.